Je, Wajua? Chini Sweta, Juu Jasho

Je, wajua kwamba hewa iliyojaa sebuleni kwako ina uzito wa mtu mzima? Pima chumba cha mita 4 kwa 5 chenye dari ya mita 3: humo mna kama kilo 70 za hewa. Unaishi nazo miaka yote na hujawahi kuombwa uzibebe.

Sasa ipashe moto hewa hiyo kutoka nyuzi 20 hadi 30. Kila mita ya ujazo inapungua gramu 40 tu. Gramu 40! Tofauti ndogo hivyo ndiyo inayoifanya hewa ya moto ipande ngazi za nyumba yako, wewe ukabaki sebuleni na sweta, watoto huko ghorofani wakageuza mto upande wa pili kutafuta ubaridi.

Umeshahukumu? Umeshasema hewa moto hupanda, kesi imekwisha? Usiwe na haraka, jirani. Huyo ni mwizi wa kuku tu. Jambazi lenyewe limelala juu ya paa.

Sikiliza. Jua la mchana, anga likiwa safi, humwaga karibu wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba. Paa la mita za mraba 100 linapokea kilowati 100. Hizo ni pasi 100 za umeme, zote zimewashwa, zimelala kifudifudi juu ya chumba chako cha kulala.

Na AC yako je? Ile ya BTU 12,000, ambayo mafundi wanaifunga kila siku, huondoa kilowati 3.5 tu za joto. Ungehitaji AC zaidi ya 28 ili upambane na jua lote hilo. Bahati yako, sehemu kubwa ya joto hupeperushwa na upepo au kurudi angani kabla haijapenya ndani.

Unaishi Dar es Salaam? Basi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri linasimama wima juu ya utosi wako. Simika kijiti uwanjani ujionee: kivuli hakuna. Mombasa zamu hiyo huangukia siku chache baadaye mwezi Machi na siku chache mapema mwezi Oktoba. Saa hiyo kuta za nyumba karibu hazipati kitu, jua lote linaishia kwenye paa.

Je, wajua kwamba kujenga kwenda juu kunalinyima jua nusu ya mlo wake? Vyumba vya mita za mraba 200 vikitandazwa chini vinadai paa la mita 200. Vipandishe ghorofani, paa linabaki mita 100. Ila ujue nani amefaidi: anayelala chini ana sakafu ya mwenzake kuwa dari, na anayelala juu ndiye anayelipa bili yote ya jua.

Huyo wa chini amebarikiwa mara mbili. Sakafu yake imekaa juu ya ardhi, na ukichimba mita chache tu, joto la udongo ni karibu lile lile Januari hadi Desemba. Yeye ana udongo chini na ghorofa juu. Wewe wa juu una bati na Mungu.

Na hilo bati usiliguse! Paa la rangi nzito kwenye jua kali hufika nyuzi 66 na kupita. Paa la jirani lililopakwa rangi ya kuakisi, jua lile lile na saa ile ile, laweza kuwa na nyuzi 28 pungufu. Rudia mwenyewe: nyuzi 28. Niletee rimoti ya AC inayoweza kushusha kiasi hicho.

Basi ukimwona mtu anapanda ngazi na kopo la rangi nyeupe kwenda kupaka bati, usimcheke. Huenda anatibu ghorofa lake kwa bei ya kopo.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitangaza rangi nyeupe inayorudisha asilimia 98.1 ya mwanga wa jua. Rangi nyeupe za dukani hurudisha asilimia 80 hadi 90. Siri yao ni nini? Bariamu salfeti, unga ule ule anaonyweshwa mgonjwa hospitalini kabla ya kupigwa eksirei ya tumbo!

Walikadiria pia kwamba rangi hiyo ikipakwa kwenye paa la mita za mraba 93 hivi, inapoza kwa nguvu ya kilowati 10. Hakuna waya. Hakuna swichi. Hakuna luku.

Hujachoka? Sogea basi.

Amka alfajiri uguse bati lako. Limelowa, na mvua haikunyesha. Usiku wa anga safi paa hurusha joto lake moja kwa moja kwenda angani, likapoa kuliko hewa inayolizunguka, na mvuke ukageuka maji juu yake. Waajemi wa kale walitumia ujanja huo huo kutengeneza barafu jangwani, hata usiku ambao hewa yenyewe haikushuka hadi sifuri. Ndiyo, barafu, jangwani, bila mashine.

Wenye paa la zege, poleni. Zege halipati moto haraka wala halipoi haraka. Joto la saa nane mchana hulipenya polepole, likatua chumbani saa mbili au saa tatu usiku, wakati unatandika kitanda. Nje kumeshapoa, kumbe jua la mchana ndiyo kwanza linaingia kulala nawe. Kwa hiyo ukiwa na zege, shughulika na kivuli cha mchana, usiku umeshachelewa.

Karatasi ya alumini inayong'aa haina unene hata wa ukucha, lakini ikitandazwa chini ya bati hurudisha asilimia 95 au zaidi ya joto linalomiminwa na bati. Kuna sharti moja tu: isiguse bati wala dari upande wake unaong'aa. Iachie sentimita chache za hewa. Ikigusana, joto linapita kama vile haipo, na fedha yako imepita nalo.

Wamarekani wanachekesha katika hili. Ule uwazi kati ya paa na dari, kwao, unaweza kufika nyuzi 60 na zaidi wakati wa kiangazi. Na ni humo humo wengi wao hupitisha mabomba yanayopeleka hewa baridi vyumbani! Kana kwamba hilo halitoshi, katika nyumba ya kawaida asilimia 20 hadi 30 ya hewa ya mabomba hayo hutorokea kwenye matundu na viungio. Hewa imelipiwa umeme, kisha inaenda kuwapepea popo.

Wengine hufunga matundu ya hewa ya vyumba vya chini wakiamini baridi itasukumwa juu. Haiendi! Msukumo unapanda ndani ya mabomba, uvujaji unaongezeka, na mashine inaweza kukosa hewa ya kutosha hadi ikaganda barafu. Umesikia sawa: AC inaweza kuganda barafu siku ya jua kali.

Ikiwa nyumba yako inapozwa na mashine moja kwa mabomba, mlango wa chumba ukiufunga kabisa unaweza kuzima baridi yako mwenyewe. Hewa haiingii mahali isipoweza kutoka. Acha upenyo wa sentimita mbili hivi chini ya mlango uone mabadiliko.

Chujio chafu je? Kulibadilisha kunaweza kupunguza umeme wa AC kwa asilimia 5 hadi 15. Nenda kalitazame la kwako. Nakusubiri hapa hapa kwenye benchi.

Sasa shikilia kofia. Unamjua Alexander Graham Bell, yule wa simu? Joto la kiangazi mjini Washington lilimchosha, akaanza kupuliza ndani ya chumba hewa iliyopitishwa kwenye barafu. Ubaridi ukamkimbia! Hewa baridi ni nzito, ikawa inatiririka kwenda kutokea kila upenyo wa chini.

Bell akakuna kichwa. Kama hewa baridi inatiririka kama maji, si inahitaji chombo kisichovuja kitako? Na chombo anacho: bwawa la kuogelea, chini kabisa ndani ya nyumba yake. Akalikausha, akaingiza humo hewa baridi kwa bomba, akaligeuza kuwa ofisi. Mitaani nyuzi 38, yeye ndani ya bwawa kavu nyuzi 18, anaandika. Aliwasimulia jambo hilo wanafunzi waliokuwa wanahitimu mwaka 1917, na akawaambia wazi kwamba nyumba zetu zimejengwa kwa kosa: zinavuja baridi chini.

Ukishalielewa bwawa la Bell, umelielewa ghorofa lako. AC ya sebuleni haitapoza vyumba vya juu hata uibembeleze, maana baridi haipandi ngazi kwa hiari yake. Ukiweka AC juu na kuacha mlango wazi, baridi hushuka ngazi yenyewe ikafika sebuleni kabla yako. Kwa hiyo nyumba yenye AC moja tu, mahali pake ni juu. Na ukitaka baridi ibaki juu, funga mlango unaoelekea kwenye ngazi.

Kabla ya Bell kulikuwa na mgonjwa mmoja. Julai 2, 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, akalazwa kwenye chumba cha ghorofani Ikulu, katikati ya kiangazi. Wahandisi wa jeshi la majini wakaunda mtambo wa feni, vitambaa vilivyoloa na barafu ili kumpelekea hewa baridi. Chumba kilishuka kwa nyuzi 11 hivi. Unataka kujua barafu kiasi gani? Zaidi ya kilo 226,000 kwa miezi miwili! Kwa bahati mbaya hazikumwokoa. Alifariki Septemba 19.

Barafu hiyo haijaondoka kwenye lugha ya mafundi. Wakikwambia AC ya "tani moja", hawasemi uzito wa mashine. Ni nguvu ya kuondoa joto linaloweza kuyeyusha kilo 907 za barafu kwa saa 24, nayo ndiyo BTU 12,000 kwa saa. Ukutani kwako umetundika karibu tani nzima ya barafu ya kila siku.

Na BTU moja ni ndogo kuliko unavyodhani: takriban joto la kijiti kimoja cha kiberiti kikiungua chote. AC hiyo inakuondolea vijiti 12,000 kila saa, unasinzia tu.

AC ya kwanza ya kisasa, ilitengenezwa kwa ajili ya nani? Si mtu. Ni karatasi! Mwaka 1902 Willis Carrier, kijana wa miaka 25, aliibuni kwa kiwanda cha uchapaji Brooklyn, New York, ambako unyevu ulikuwa unavimbisha karatasi na kuvuruga rangi. Watu walikuja kunufaika baadaye.

Ya kwanza kufungwa nyumbani iliwekwa kwenye kasri la tajiri Charles Gates mjini Minneapolis, mwaka 1914. Ilikuwa na urefu wa mita 6 na kimo cha zaidi ya mita 2. Wanaosimulia husema huenda haikuwahi kutumika, kwa sababu hakuna aliyewahi kuishi humo!

Kile kidude cha ukutani kinachowasha na kuzima baridi chenyewe, tunamshukuru mwalimu mmoja aliyechoka kubishiwa hodi. Warren Johnson alikuwa akifundisha Wisconsin, na mtunza jengo aliingia darasani kila mara kusoma kipimajoto, kisha akashuka chini kurekebisha moto. Mwaka 1883 Johnson akapata hataza ya kifaa cha umeme kinachotoa taarifa chenyewe. Mtunza jengo akapumzisha magoti yake.

Hapo ndipo penye kichekesho cha nyumba nyingi za Marekani: kifaa hicho ni kimoja, nacho kimefungwa chini. Chini pakipoa kinazima mashine, wa juu waungue tu. Dawa yake ni vifaa viwili na vilango vya kufungua na kufunga mabomba, kila ghorofa ijitetee yenyewe.

Kwetu wengi hatuna mabomba, tuna AC za ukutani, kila chumba na yake. Lakini kihisi chake cha joto kwa kawaida kimo ndani ya mashine, karibu na dari, mahali penye hewa moto kuliko pote chumbani! Ndiyo maana baadhi ya rimoti zina kitufe cha kupima joto pale rimoti ilipo. Kibonyeze, kisha weka rimoti karibu na mto wako.

Unapofika nyumbani na jasho ukashusha AC hadi 16, unaamini itapoza haraka? AC ya kawaida haijui haraka. Inapoza kwa kasi ile ile ungeiweka 24, ila haitajua pa kuacha.

Kuanzia Januari 1, 2020, India ilitaka AC mpya za vyumbani ziwashwe zikiwa tayari kwenye nyuzi 24. Japani iliwatangulia kwa njia nyingine: mwaka 2005 serikali ilihimiza ofisi zikae nyuzi 28, na wafanyakazi wakaruhusiwa kuvua tai. Mawaziri nao wakavua!

Ukidhani AC kubwa zaidi ndiyo dawa ya chumba cha juu, fikiri tena. Ikizidi chumba inapoza upesi, inazima, na unyevu unabaki hewani. Utalala kwenye ubaridi wenye majimaji, shuka limekunatia mgongoni.

Feni je? Feni haipozi chumba. Haijawahi. Inakupoza wewe, kwa kuondoa jasho lako. Chumba kikiwa kitupu mota yake inaongeza joto kidogo. Ila ukiwa chini yake, unaweza kupandisha AC nyuzi 2 hivi usione tofauti. Ukitoka, zima.

Hiyo feni ya darini, wajua ilitoka wapi? Kwenye cherehani! Philip Diehl, aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya Singer, alichukua mota ya cherehani, akaifunga mapanga na kuining'iniza darini. Hataza ya feni hiyo aliipata mwaka 1887.

Feni ya sakafuni inaweza kufanya kazi ambayo baridi haipendi. Iweke chini ya ngazi, ielekeze juu: inaikokota hewa baridi kwenda ghorofani kwa nguvu. Na feni yenyewe kwa kawaida haili hata wati 100.

Kivuli cha nje na pazia la ndani, kipi zaidi? Turubai lililotanda nje juu ya dirisha la magharibi hukata hadi asilimia 77 ya joto la jua. Pazia zuri lenye mgongo mweupe, likiwa ndani, hukata asilimia 33. Jua likishavuka kioo ni mgeni aliyekwisha kuvua viatu.

Wazee wa Pwani hawakuwa na kipimajoto, lakini tazama walichojenga. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita. Vichochoro vyembamba ili nyumba hii iikinge ile na jua. Na vyumba vyao ni vyembamba, mita 3 kwenda chini, si kwa mapenzi bali kwa sababu boriti za mikoko hazizidi hapo!

Nyumba za Lamu hukufundisha ujanja mwingine: jiko mara nyingi liko juu. Joto la meko na moshi vinapaa zao angani, havipiti chumbani kwa mtu. Wewe wa leo umeweka jiko chini, karibu kabisa na ngazi, halafu unashangaa kwa nini ghorofani kunanukia vitunguu na kuna joto. Nakuuliza tu.

Beit al-Ajaib ya Zanzibar, aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ilizungushiwa baraza pana kwenye kila ghorofa. Jua liliishia barazani, ukuta haukuguswa.

Ng'ambo, Dubai, mtaa wa Al Fahidi bado una minara ya upepo. Inakamata upepo kutoka pande nne, inaushusha hadi chumbani. Wafanyabiashara kutoka kusini mwa Iran ndio walioileta. Huko Yazd, Iran, mnara wa bustani ya Dowlatabad unapita mita 33, yote hiyo kwa ajili ya upepo.

Nawe una mnara wako: ngazi. Usiku ukipoa, fungua dirisha la chini upande wa upepo, na la juu kabisa upande wa pili. Hewa moto inatokea juu, ya baridi inavutwa chini. Ila usijidanganye: urefu ukiongezeka mara nne, kasi huongezeka mara mbili tu.

Na upande wa upepo hubadilika! Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, upepo unatoka kaskazini mashariki. Ikiingia kusi, unatokea upande wa pili. Dirisha lililokupepea Januari linaweza kukunyima Julai, na si kosa la dirisha.

Sasa jipime mwenyewe. Mwili wako ukiwa umetulia tu unatoa joto la wati 100 hivi. Karibisha wageni kumi waangalie mpira ghorofani, umewasha kilowati nzima. Wakishangilia goli, inapanda.

Taa ya zamani ya waya hutoa joto kwa asilimia 90 ya umeme wake. Ulinunua taa, ukapata hita inayong'aa kidogo.

Na yule anayefungua friji apoze jikoni? Anapasha jikoni! Friji hulitupa nyuma joto lote lililotoka ndani, pamoja na joto la mota yake.

Karibu asilimia 10 ya umeme wote wa dunia unaendesha AC na feni. Marekani nyumba 9 kati ya 10 zina AC. Kwa watu bilioni 2.8 wanaoishi sehemu zenye joto kali kuliko zote duniani, ripoti ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya mwaka 2018 iliwakuta ni asilimia 8 tu wanayo.

Jirani zetu wa Kigali wameandikwa kwenye historia ya AC. Oktoba 2016 nchi za dunia zilikubaliana pale kupunguza gesi za kupozea zinazopasha sayari. Kwa nini? Kilo moja ya gesi ya R-410A ikivuja, kwa miaka 100 inapasha dunia sawa na zaidi ya kilo 2,000 za kaboni dioksidi. Fundi akikwambia "tuiachie tu hewani", mshike mkono.

Tazama lile bomba dogo linalodondosha maji nje ya AC yako. Siku ya unyevu mkali Pwani, mashine ya BTU 12,000 yaweza kutoa lita moja kwa saa. Karibu sehemu moja ya tano ya nguvu yake inaishia hapo, kukausha hewa. Ndoo yako iko wapi?

Burj Khalifa ya Dubai, yenye mita 828, hukusanya maji ya namna hiyo lita milioni 56 hivi kwa mwaka, na bustani zake zinamwagiliwa. Huko juu kabisa hewa ya nje ni baridi kuliko ya barabarani kwa nyuzi kadhaa, kinyume na ghorofa lako na langu.

Lakini jua la huko juu halikubali kutua! Mwaka 2011 mufti wa Dubai alitoa maelekezo ya Ramadhani: wanaoishi kuanzia ghorofa ya 80 hadi ya 150 wangoje dakika 2 zaidi kabla ya kufuturu, kwa sababu bado wanaliona jua ambalo kwa wa chini limeshazama. Walio juu ya 150 wangoje dakika 3. Mwenye njaa anajua urefu wa dakika 3, na tende iko mkononi.